Tuonyesheni Kamba, Punguzeni Muziki

Filamu za kupanda milima zinamtoa jasho mtafsiri kuliko filamu nyingine zozote, kwa sababu watu wake hawasemi. Ya vita ina makelele, ya Kihindi ina nyimbo na kilio, ya kareti kila ngumi ina mlio wake. Mtafsiri anajipenyeza humo, anatia chumvi yake, watu wanacheka, jioni inakwisha. Lakini huyu amening'inia ukutani, anahema tu. Upepo unavuma. Anahamisha kidole kimoja. Anahema tena. Na mimi nimeshika kipaza sauti, mbele yangu wamekaa wavuvi waliolipa metikali zao, na mmoja keshaanza: "Fundi, umelala?"

Ndiyo kazi yangu: kutafsiri filamu ana kwa ana, mbele ya watu. Tanzania wanaijua tangu enzi za Lufufu pale Dar es Salaam, kisha DJ Mark na wenzake. Mikanda yao ilivuka Rovuma pamoja na vitenge na sabuni, nasi tukajifunza humo. Mimi nilianzia Macaloe, kisiwa cha wavuvi katika mlolongo wa Quirimbas, kaskazini mwa pwani ya Cabo Delgado, Msumbiji. Nyumbani tunasema Kimwani, lakini kibanda cha video kilisema Kiswahili, maana msimu wa dago, wavuvi wanapopiga kambi, ukifika kisiwa kinapokea watu wa Mtwara na wa Nampula kwa pamoja, na hiyo ndiyo lugha iliyowakalisha benchi moja. Kireno nilichapiwa shuleni. Kiingereza nilikiokota kwenye mashua za watalii, nilipokuwa baharia.

Mgeni mmoja aliyekuja kuzamia aliniachia flashi iliyojaa filamu za milima, barafu na safari za nyikani. Niliziweka usiku, jenereta ikingurumia nyuma ya makuti. Ziliuza. Sababu yake nataka kuieleza, kwa kuwa wengi wanaozisifu filamu hizi hawajawahi kuzionyesha kwa watu ambao maisha yao yanategemea kamba.

Chukua Free Solo, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2019. Mmarekani Alex Honnold anapanda El Capitan, ukuta wa jiwe wa California wenye urefu wa mita 900 hivi, bila kamba hata moja. Alifanya hivyo tarehe 3 Juni 2017, kwa saa 3 na dakika 56. Mjini watu wanaitazama wakiwa wameziba mdomo. Macaloe walinuna. "Hana mama huyu?" mzee mmoja aliuliza, na wengine wakaguna kukubaliana naye. Kisha kijana mmoja wa jarife akauliza swali ambalo tangu siku ile nalipima kwalo kila filamu ya namna hii: "Fundi, na anayempiga picha amesimama wapi?"

Nikawarudisha nyuma kidogo, nikawaonyesha. Wapiga picha wa filamu ile, wakiongozwa na Jimmy Chin, wenyewe ni wapandaji. Wanatangulia kwa njia nyingine, wanashusha kamba kutoka juu, wananing'inia wakimsubiri nyota apite. Ukiona uso wa mpandaji kutoka juu, anatoka jasho, nyuma yake kuna bonde tupu, ujue yupo mwenzake aliyefika pale mapema, akiwa na mzigo, na ambaye haruhusiwi hata kudondosha kifuniko cha lenzi. Mahali pagumu kuliko pote waliweka kamera zisizo na mtu, ili jicho la rafiki lisije likamvuruga. Na chini kabisa alikuwako mmoja mwenye kamera ya kuvutia mbali ambaye alishindwa kutazama, akageuka akaipa kamera mgongo. Benchi zangu zilimpenda huyo kuliko Honnold. Walimwelewa: anayebaki pwani kutazama chombo kikivuka mkondo hana usukani wa kushika.

Basi nikaacha kutia chumvi. Nikawa nasimulia kazi. Sasa anapitisha kamba kwenye kikuku cha chuma. Hili fundo likivutwa linakaza, likilegezwa linafunguka kwa mkono mmoja. Yule wa chini anatoa kamba taratibu, akizidisha mwenzake ataanguka mbali, akipunguza atamnyima hatua. Mtu anayepandisha foromali kwa henza, anayelegeza demani upepo ukizidi, hahitaji kuelezwa mara mbili. Kuna usiku filamu ilisimama nusu saa nzima kwa sababu manahodha wawili walibishana kama lile fundo lingeshika kwenye kamba mbichi. Nilizima jenereta kuokoa petroli, nikawaacha wamalize.

Theluji ndiyo iliyotushinda kidogo. Watoto walidhani ni chumvi, kwa kuwa majaruba ya chumvi wanayajua. Filamu za kuteleza juu ya theluji, ambazo Wamarekani wanazitengeneza kila mwaka tangu Warren Miller alipoanza mwishoni mwa miaka ya 1940, zilipendwa kwa macho tu: mtu anashuka kama mashua mgongoni mwa wimbi, unga mweupe unaruka, muziki unapigwa, amefika chini, anaanza tena. Hakuna kinachoamuliwa. Nyingi sizionyeshi tena. Hadithi moja ya theluji iliyowakamata watu ni ya Mkenya Philip Boit, aliyekwenda Nagano, Japani, mwaka 1998, akashiriki mbio za kuteleza juu ya theluji za kilomita 10 za Olimpiki. Alimaliza wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja pale mwisho ili amkumbatie, na Boit baadaye akampa mwanawe jina la Daehlie. Picha zake ni za televisheni ya michezo, hazina ufundi wowote, na zinatosha.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, mlima uliopigwa picha kupita yote ni Kilimanjaro. Filamu yake iliyo bora machoni pangu ni Kilimanjaro: To the Roof of Africa ya mwaka 2002, ya David Breashears. Huyu bwana alikuwa amekwisha kupandisha kamera ya IMAX hadi kilele cha Everest Mei 1996. Hata baada ya kupunguzwa uzito, kamera ile ilikuwa mzigo wa kuvunja mgongo, na mkanda wake mmoja ulikwisha kwa sekunde 90 tu. Fikiria: mko mahali ambapo pumzi yenyewe ni ya kununua, vidole vimekufa ganzi, na kila dakika moja na nusu mtu avue glavu abadilishe mkanda. Washerpa ndio walioibeba. Mwezi huo huo dhoruba iliua watu 8 mlimani. Timu ya Breashears iliacha kupiga picha, ikatoa oksijeni yake kusaidia waliokwama, ndipo baadaye ikapanda. Filamu ile ya Everest ilitoka mwaka 1998.

Katika ile ya Kilimanjaro kiongozi ni Jacob Kyungai, Mchaga aliyepanda mlima huo mamia ya mara, na miongoni mwa wasafiri yumo kijana wa Kitanzania wa miaka 13, Hansi Mmari. Inapita msituni, inapanda kwenye majani marefu, inafika jangwani, inaishia kwenye barafu, mita 5,895. Ni nzuri mno. Lakini wapagazi wanapita tu. Kwa kanuni za hifadhi mpagazi habebi zaidi ya kilo 20. Anafunga mzigo namna gani, anaanza na mguu upi, anakula nini asubuhi? Ningetoa dakika kumi za mawingu nipewe tano za mtu huyo akifunga kamba. Barafu yenyewe inataka shahidi wa haraka: tangu mwaka 1912 Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake. Huko Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, Neil Losin na Nate Dappen walitengeneza Snows of the Nile kwa kurudi mahali ambapo Vittorio Sella alisimamisha kamera yake mwaka 1906, wakapiga picha zilezile. Unaona jiwe lilelile, ufa uleule, na barafu haipo. Pale sikusema neno, wala hakuna aliyeniuliza kama nimelala.

Sasa nije kwenye kisa ambacho filamu yake ni dhaifu na ukweli wake ni mtamu. Mwaka 1943 Waitaliano walikuwa mateka wa vita wa Waingereza huko Nanyuki, Kenya. Mmoja wao, Felice Benuzzi, kila asubuhi aliuona mlima Kenya juu ya seng'enge. Yeye na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, wakaamua kutoroka. Si kukimbilia kwao, ila kupanda mlima, kisha kurudi kambini. Hawakuwa na kitu. Kamba walisuka kutoka nyavu za katani za vitanda. Shoka za barafu walizitengeneza kutoka nyundo. Meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu waliyakata kutoka vyuma chakavu vya gari. Ramani hawakuwa nayo. Walikuwa na picha ya mlima iliyochapwa kwenye mkebe wa nyama. Wakapita katikati ya tembo, wakashindwa na kilele cha Batian, mita 5,199, kisha Benuzzi na Balletto wakafika kile cha Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera ya Italia, wakashuka na njaa yao, wakajirudisha kwa walinzi.

Mwaka 1994 ilitoka filamu, The Ascent, iliyotokana na kisa hicho. Watengenezaji wakaona haitoshi. Wakaongeza mwanamke wa kugombewa, wakaongeza mkuu wa kambi Mwingereza anayeshindana na mateka kufika juu. Wavuvi wangu waliitazama kwa adabu. Filamu ilipokwisha nikawasimulia mambo yalivyokuwa kweli, na waliponyanyuka walikuwa wanazungumza juu ya nyavu za vitanda: katani ya namna gani, nyuzi ngapi, ilisukwa mara mbili au tatu. Mtu anayekaa usiku kucha akishona nyavu ameshajua hadithi iko wapi.

Lipo jambo jingine linaloziharibu filamu hizi, na ni la zamani. John Noel alipiga picha safari ya Everest ya mwaka 1924, ile ambayo wapandaji Mallory na Irvine hawakurudi, akatengeneza The Epic of Everest. Ili watu wa London wavutiwe, wakaletwa watawa wa Kitibeti kucheza jukwaani kabla ya filamu. Ndani ya filamu yenyewe Watibeti walionyeshwa kwa namna iliyowaudhi. Serikali ya Tibet ikakasirika, na Waingereza hawakurudi kupanda mpaka mwaka 1933. Watu walipanda mlima wa wenyewe wakiwa na kamera, na kamera ikaufunga mlima kwa miaka tisa.

Ndiyo maana Namuli ilinigusa.

Mama yangu ni Mmakua. Wamakua na Walomwe, hata wale waliofika pwani wakachanganyika na Wamwani, wanasema binadamu alitoka mlima Namuli, akashuka bondeni, na mtu akifa roho yake inarudi huko huko. Utotoni niliuweka mlima huo kwenye fungu la sungura na fisi. Kumbe upo, mkoani Zambézia, karibu na Gurué kwenye mashamba ya chai, wenye urefu wa mita 2,419. Mwaka 2014 wapandaji wawili wa Kimarekani, Majka Burhardt na Kate Rutherford, walikwenda na wanasayansi kuupanda ubavu wake wa jiwe, wakatoka na filamu iitwayo Namuli. Mpwa wangu anayesoma Pemba, mji mkuu wa Cabo Delgado, aliniletea kwenye kompyuta yake.

Haina DJ, haina tafsiri. Nilitafsiri mwenyewe, na mama nikamweka benchi la mbele.

Wapandaji wanahangaika na nyasi. Ukuta wa Namuli umeota mashungi ya nyasi kwenye mwamba, ukiyashika hujui kama utabaki nayo mkononi. Na anayening'inia kwenye kamba si mpandaji peke yake, yumo pia mtaalamu wa wadudu, Flavia Esteves, Mbrazili. Anatafuta sisimizi. Amefungwa kiunoni, miguu ukutani, bonde zima liko chini yake, naye ameinamisha kichwa kwenye ufa anatafuta mdudu mdogo kuliko punje ya mchele. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akasema, huyu afadhali ana alichopoteza kule juu.

Hilo ndilo lililokosekana kwa Honnold machoni pa watu wangu: shughuli. Mvuvi haogopi hatari, anaidharau hatari isiyo na shughuli.

Na mlima ule una wenyewe. Kwa desturi ya Namuli mgeni hapandi kabla hajaonana na wakuu wa mila wa pale, na unga wa mtama ndio unaofungua mazungumzo. Filamu inayoanza kwa mazungumzo hayo imekwisha kunionyesha nusu ya mlima. Burhardt baadaye alianzisha shirika la Legado, linalofanya kazi na wenyeji kulinda misitu na mashamba yao. Sisemi kamera imefanya hayo yote. Nasema tu ilianzia mlangoni, haikuanzia dirishani.

Karibu na huko kuna mlima Lico. Mwanasayansi Julian Bayliss aliuona kwenye picha za setilaiti mwaka 2012: kisiwa cha msitu juu ya mwamba uliosimama wima pande zote. Mwaka 2018 timu yake ilipanda, wapandaji stadi Jules Lines na Mike Robertson wakiwa wametangulia kufunga kamba kwenye ukuta wa zaidi ya mita 100. Juu walikuta msitu wa asili, na kipepeo asiyepata kuandikwa katika vitabu. Walikuta pia vyungu, vimewekwa karibu na chanzo cha kijito. Kabla ya kamba za naila na vikuku vya chuma, mtu alikwisha kupanda pale na chungu mkononi. Habari za dunia ziliendelea kuuita msitu ambao hajapata kufika mtu. Mimi nilipousimulia nilianza na vile vyungu.

Sasa nakaa Pemba. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vilifika visiwani pia, na mwaka 2020 mashua zilizojaa watu zilifika pwani ya Paquitequete, hapa mjini, siku baada ya siku. Jenereta ilibaki. Ninaonyesha kwa projekta ya kuazima, shuka ukutani. Mwanzoni niliona haya kuweka filamu za hatari mbele ya watu walioikimbia hatari usiku na watoto mgongoni. Wao ndio walioziomba.

Mama mmoja wa visiwani huuliza swali lilelile kila mara: "Huyu akianguka, yupo wa kumtafuta?" Nikisema yupo, anatulia, anatazama kwa raha. Nikisema hayupo, anakusanya watoto wake. Mkenya James Kagambi alipofika kilele cha Everest Mei 2022, akiwa na miaka 62, wa kwanza kutoka Kenya, alikuwa na timu nzima nyuma yake. Hiyo niliisimulia yote na watu wakapiga makofi. Cheruiyot Kirui, Mkenya mwingine, alikufa huko Mei 2024 akijaribu kupanda bila oksijeni ya chupa, na jamaa zake wakaamua mwili wake ubaki mlimani, wasihatarishe watu wengine kumshusha. Hiyo pia niliisimulia. Mama yule hakuondoka. Alisema jamaa wale wana akili.

Kwa mnaotengeneza filamu: mkija Quirimbas, na mtakuja amani ikikaa, msianze na droni. Bara lina minara ya mawe mpaka Niassa, bahari ina mikondo inayohitaji nahodha kamili, na mazoea ni kumpiga picha mgeni akiivuka huku baharia aliyemvusha akikatwa pembeni mwa picha. Piteni kwanza kwa wakubwa wa kisiwa. Kisha mwekeni nahodha katikati ya kioo, mkono wake na demani vionekane, sauti ya tanga isikike. Muziki wekeni wakati wa majina.

Na kwa vijana wa kwetu wenye simu: kutoka Pemba hadi kisiwa cha Ibo kwa tanga bado kunafanyika, kuna wazee wanaoijua njia kwa nyota na kwa rangi ya maji, na filamu ya safari hiyo kwa Kimwani au Kiswahili mimi sijaletewa hata moja. Leteni, nitaionyesha bure.